Kiganja Ndani ya Tangi la Samaki

Ami Jusab alikuwa hapendi mtu aguse tangi lake la samaki, ila mimi. Sijui kwa nini alinichagua. Labda kwa sababu sisemi sana. Nyumba yao na yetu zinatazamana pale Kibokoni, na kichochoro ni chembamba mpaka mama akikaanga vitunguu, Bi Maleka, mkewe Ami, huchungulia dirishani akauliza leo kuna nini. Tangu niko darasa la nne nilikuwa nikitoka shule napanda ngazi zao, nasimama kando ya tangi, na Ami ananionyesha kazi.

Lenyewe liko sebuleni juu ya meza ya mvule, refu kama kitanda cha mtoto. Ami alikuwa fundi wa mafriji, duka lake hapo chini ya nyumba, na tangi alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya friji kubwa la dukani lililokufa.

"Uchafu hutoka, Aqsa," alikuwa akiniambia. "Mkwaruzo hautoki. Ukishakikwaruza kioo, utauona mpaka unazeeka."

Kitambaa chake kilikuwa kipande cha kikoi kikuukuu, hakijawahi kuguswa na sabuni. Anakisuuza kwanza, kisha anakipitisha pole pole juu ya mdomo wa chini, maana chembe ya mchanga ambayo kidole hakiisikii, mdomo huisikia. Siku ya kwanza nilicheka. "Cheka," akasema, "ukimaliza ufanye." Unaanzia juu, unashuka moja kwa moja, huzungushi. Ukibakisha vidole viwili kufika mchanga wa chini unasimama, unasuuza, unapitisha mdomoni tena. Utando ukiwa mgumu unaukwangua kwa ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu, umeilaza, hujaisimamisha. Na muda wote huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala nje ya kioo, wazi, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Kidole cha mwisho cha mkono huo kilikuwa kifupi. Kilikatwa na feni ya friji kabla mimi sijazaliwa.

Alifariki wiki mbili baada ya Idi, dukani, ameshika bisibisi. Alikuwa hajaugua hata mafua.

Bi Maleka akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki nje, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Mwanawe mmoja tu, Kashif, yuko Dubai, alikuja kuzika akarudi kazini. Kwa hivyo nyumbani walibaki Bi Maleka na Mejumaa, anayevuka kutoka Likoni kila asubuhi kuja kupika na kufua. Na mimi, nikitoka shule kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, napita kulisha samaki. Walikuwa watano. Walibaki wawili, wekundu, wamenenepa.

"Bi Maleka, nisafishe?" niliuliza siku moja. Sauti yenyewe hata mimi sikuisikia vizuri.

"Wacha kwanza, mwanangu."

Nikawacha. Maji nilibadilisha, ndoo moja kila Ijumaa, lakini vioo sikuvigusa. Dirisha la sebule hupigwa na jua la jioni, na utando wa kijani ulipanda kutoka chini mpaka juu, ukawa mzito kama zulia. Samaki ukawa huwaoni, ila kitu chekundu kinapita halafu hakipo.

"Hili si tangi tena, ni shamba la mchicha," Mejumaa alisema, anapepeta mchele. "Bi Maleka, nitie na bamia? Tutauza Marikiti."

Bi Maleka hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Ami, mbele ya tangi.

Mwezi wa tatu wa eda niliona kidoa. Kidogo, kama shilingi, pale kioo cha mbele, utando umetoka. Nikadhani samaki amelamba. Kesho yake vikawa vinne, vimepangana. Siku ya tatu kilikuwa kiganja. Kiganja kizima, safi, ndani ya ule ukijani, vidole vimetanuka. Nilipitisha kidole changu nje. Kioo kilikuwa kikavu na kisafi. Alama ilikuwa upande wa maji.

Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi.

"Umekiona?" Bi Maleka aliuliza nyuma yangu. Sikumsikia akija.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Usikiguse. Usimwambie mtu, watasema nimechizi." Akaja karibu, akaulaza mkono wake juu ya ule, kidole kwa kidole. "Waona? Yuwanijua."

Nilitaka kusema hapana. Mimi nikitaka kusema jambo kwa mtu mzima, maneno hunijaa mdomoni halafu nayameza. Nikamwaga chakula cha samaki nikaenda zangu chuoni, na siku hiyo mwalimu alinichapa kwa sababu aya niliyoisoma juzi ilinitoka yote.

Kutoka hapo kila nikifika namkuta pale, mkono juu ya kioo. Chakula kimefunikwa kwa kawa, hakijaguswa. Nilianza kuvitazama vidole vyake. Vilikuwa vimekunjamana kwa ncha, vyeupe, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Lakini Bi Maleka hafui. Anayefua ni Mejumaa, na vya Mejumaa vilikuwa vikavu.

"Mama, Bi Maleka hali," nilimwambia mama.

"Ana msiba, Aqsa. Mpelekee uji."

Nikapeleka uji. Aliponipokea kikombe mkono wake ulinigusa. Ulikuwa baridi na nje jua lawaka.

Kile kiganja nacho hakikutulia. Siku moja nilitia kitone cha kalamu ya wino nje ya kioo, pale kifundo cha mkono kilipokoma. Siku ya pili mkono ulikuwa umepita kitone, chini yake, kwa vidole viwili. Siku ya tatu, vitatu. Kiganja kilikuwa pale pale, ila mkono ulikuwa unaonekana zaidi na zaidi, unatokea kule chini mchangani, kama mtu aliyelala chini ya mchanga anajiinua. Na Bi Maleka kadiri siku zinavyokwenda akawa mwembamba, sauti yake inatoka mbali. Akiniita "Aqsa" nageuka kutazama mlangoni, na yeye yuko ubavuni pangu.

Nilielewa jambo moja tu, na hilo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Yule wa ndani alikuwa anatoka na Bi Maleka alikuwa anakwisha. Wakiachwa, huyu mama atakwenda huko aliko mumewe na mimi nitakuwa nimesimama hapo na kopo la chakula cha samaki.

Na dawa nilikuwa naijua. Alama ile haikuwa kitu kilichopakwa. Ilikuwa pahala pasipo na uchafu. Nikisafisha kioo chote, pote patakuwa safi, na mkono hautakuwa na pa kuonekana. Kazi ya nusu saa. Bi Maleka huingia kuoga kila Jumamosi asubuhi, na hukaa. Ijumaa nilijaza ndoo mbili za maji ya bomba nikaziacha varandani kwetu zilale zitoke ile dawa ya bomba isiyofaa samaki. Kitambaa cha Ami nilikisuuza mara saba.

Jumamosi nilichelewa. Mama alinituma dukani, halafu akanituma tena kwa kuwa nilileta unga siwo. Nilipopanda ngazi na ndoo moja na kitambaa nilisikia sauti, krr, krr, krr, na mtu anaimba.

Mejumaa alikuwa amepanda juu ya stuli, gauni amelifunga kiunoni. Samaki wako ndani ya beseni. Maji ya tangi ameyapunguza mpaka robo. Mkononi ana kumbi la nazi, na kwenye kumbi, mchanga, ule ule wa ndani ya tangi. Yuwasugua kama anavyosugua sufuria ya pilau iliyoungua.

"Mtazame shangazi yako kazini!" alinikaribisha, jasho linamtiririka. "Kashif kapiga simu, mama akimaliza eda yuwaja na wageni. Nikamwambia Bi Maleka, wageni waje waone mchicha huu? Wallahi sikubali. Kaniruhusu. Tazama, tazama kona ile inavyong'ara!"

Kona ilikuwa inang'ara kwa sababu ilikuwa imelowa. Mimi niliona mistari. Mingi, myembamba, inapishana.

Alikuwa amemaliza kona tu. Kona moja. Ningesema "wacha," angewacha. Mejumaa si mtu wa kununa. Lakini Bi Maleka alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, nywele zimelowa, ananitazama mimi, si Mejumaa. Anatazama ndoo yangu na kitambaa changu. Alikuwa amejua nilichokuja kufanya. Uso ukanipanda moto. Nikaangalia chini.

"Hapo penye mkono usipaguse," Bi Maleka akamwambia Mejumaa, taratibu.

"Mkono gani? Ah, hapa pasafi? Hapa hapahitaji kusuguliwa, mama, mimi na wewe tumeelewana. Nazunguka pembeni tu, kama nachonga muhogo."

Akazunguka. Krr, krr. Kidole kwa kidole akapita katikati, kwa ncha ya kumbi, ameutoa ulimi nje kwa uangalifu. Mimi nimesimama na ndoo. Saa nzima nimesimama.

Kioo kilipokauka Mejumaa alirudi nyuma, akashika kiuno. "Mbona kama kina ukungu? Nitakisuuza tena."

"Hautoki," nikasema. Ndilo neno langu la kwanza tangu nipande ngazi.

Kioo kizima cha mbele kilikuwa cheupe, kimechubuka, huoni ndani. Isipokuwa mkono. Mkono ulikuwa safi, laini, haujaguswa na chembe, kutoka mchangani mpaka ncha za vidole. Kabla ya siku ile kitambaa kilichosuuzwa kingeliutoa. Sasa hakuna kitambaa cha kuutoa duniani.

Mejumaa alipolijaza tangi na kurudisha samaki, Bi Maleka alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu Idi.

Jumapili mama hakuniachia kutoka, tulikuwa na wageni. Jumatatu nilipofika, Mejumaa alikuwa anajitanda buibui kuwahi feri. Alinivuta ngazini.

"Aqsa, wewe umesoma. Kioo chaweza kuvuja bila kupasuka? Tangu jana napiga deki pale chini ya tangi. Nakausha, nikigeuka pamelowa. Nimepapasa kote, hapana ufa." Akashusha sauti. "Na kanzu ya Bi Maleka. Mkono mmoja tu wa kanzu ndio unaolowa. Nimeuanika mara tatu leo."

"Amekula?"

"Kula nini. Nimemwambia, mama, utaolewa tena na nani ukikauka hivyo? Nilijua atanitukana. Hakunitukana." Hilo ndilo lililomtisha Mejumaa, niliona. Akashuka haraka bila kuaga.

Niliingia. Bi Maleka yuko kwenye kiti, kiti kimesogezwa mpaka magoti yanagusa meza. Mkono wake wa kulia uko juu ya ule. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye mkono wa kanzu, tone, tone, mpaka sakafuni. Sikumwita. Nilipita kwa ubavu, nikakitazama kioo kwa pembeni, nione unene wake pale alipogusa.

Vidole vyake vilikuwa vimeingia. Si sana. Kucha zilikuwa upande wa maji. Na hapakuwa na tundu.

"Imebaki kidogo," akasema. Midomo ilikuwa haimchezi vizuri, imekuwa ya samawati. "Kidogo tu, Aqsa. Usiogope."

Nilitamani mama aite kutoka dirishani, mtu yeyote apige hodi. Halafu msikiti wa hapo nyuma ukaadhini magharibi. Bi Maleka akafumba macho. Alikuwa hajawahi kuiacha sala, hata hali ile. Akautoa mkono pole pole, ukafanya sauti ndogo kama mtu anayetoa mguu matopeni, akainuka akishika ukuta, akaenda chooni kutia udhu. Nikasikia mlango na kata ya maji.

Nilijua nina muda wa udhu mmoja.

Nilikimbilia jikoni. Kumbi lilikuwa chini ya karo, pale Mejumaa huliweka. Nilipanda stuli, nikafunua tangi, nikaingiza mkono. Maji yalikuwa barafu. Nikachota mchanga wa chini kwa kumbi, na miaka yote ile ya Ami ikanijia kichwani: usiguse mchanga, simama kabla, pitisha mdomoni. Kiganja kilikuwa mbele yangu, kipande cha mwisho kizima cha kioo chake. Mwanafunzi wake ni mimi. Nikakandamiza kumbi juu ya kidole kifupi, nikasugua.

Krr.

Kote kioo kilikuwa baridi. Pale kilikuwa na joto, kama paji la uso la mtu mwenye homa. Nilitaka kuacha. Nikazungusha, vile alivyonikataza, kwa nguvu, mchanga unalia. Kidole cha mwisho kikawa cheupe, kikapotea. Cha pili. Cha tatu. Nilikuwa nalia, na nikisema "samahani Ami, samahani Ami," kwa sauti, nami sisemi kwa sauti. Nikafika katikati ya kiganja. Hapo nikagundua sauti ni mbili. Moja ni ya kumbi langu. Nyingine ilikuwa inakwenda nayo sawa sawa, kwa upande wa nje, ambako hapakuwa na mtu.

Nikasimamisha mkono.

Krr, krr. Mara mbili. Kisha kimya.

Nikamaliza kiganja, nikamaliza kifundo, nikashuka na mkono wote mpaka mchangani. Joto likatoka, kioo kikawa baridi kila pahala. Nilipoutoa mkono wangu, vidole vilikuwa vinavuja damu kwa mchanga, na Bi Maleka alikuwa amesimama nyuma ya kiti, uso umelowa udhu.

Hakupiga kelele. Alikuja, akaweka kiganja juu ya kioo. Akakitafuta. Akapapasa juu, chini, kushoto, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kote pamechubuka sawa. Mkono wake ulibaki nje, juu ya kioo, kama mkono wa mtu yeyote. Mara akakaa chini sakafuni, kwenye yale maji, akalia. Siku ya mazishi hakulia. Mejumaa alisema hajalia hata siku moja. Alilia mpaka akawa na kwikwi, na midomo yake ikarudi rangi. Mimi nilishuka kwenye stuli nikamshika bega. Lilikuwa na joto.

"Nilidhani atakuchukua," nikamwambia. "Nilidhani yuwakuvuta."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya kawaida, mekundu, ya mtu aliyechoka.

"Yeye anivute?" akasema. "Jusab? Maskini, yeye alikuwa ataka kulala. Mimi ndiye niliyekuwa namvuta yeye. Kila siku kidogo. Alikuwa ameshafika kwenye kiwiko."

Maji yalikuwa yamenilowesha sketi ya shule. Kwa nje watu walikuwa wanatoka msikitini, wanasalimiana.

"Kiwiko," akarudia. "Kule alikolala hayuko tena. Huku hakufika." Akanishika mkono wangu wenye damu, kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mtoto alikomwacha mwenzake wakitoka shule. "Umemwacha wapi, Aqsa?"

Alimaliza eda salama. Kashif alikuja na wageni, walikula biriani, na kila mtu alisema mashallah mama amerudi, amenawiri, anakula, anagombana na Mejumaa kuhusu chumvi. Ni kweli. Samaki wawili wako hai, nawasikia wakigonga maji, ijapokuwa kwa mbele hawaonekani. Mimi bado napanda kuwalisha kila nikitoka shule, kwa sababu Bi Maleka ameomba niwe napanda.

Hunikaribisha vizuri. Hunipa kaimati na chai. Hungoja mpaka Mejumaa aende jikoni, halafu huinama karibu na sikio langu na kuniuliza kama nimekumbuka.